COLIN CHAPMAN, FUNDI WA MAGARI MEPESI

Tunaposikia habari za mashindano ya motokaa, wengi wetu hudhani kwamba mwenye injini kubwa ndiye mshindi. Jambo hili laweza kuwa kweli mahali barabara iliponyoka. Lakini viwanja vya mashindano vina kona nyingi, na katika kona gari hushikiliwa na vipande vinne tu vya mpira, yaani pale tairi zinapogusa ardhi. Kila kipande hakizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu. Gurudumu likiruka hewani hata kidogo, au likiinama na kukanyaga ukingo wa tairi tu, nguvu zote za injini huwa kazi bure. Mtu mmoja aliyelifahamu jambo hili mapema, akalifuata maisha yake yote, alikuwa Mwingereza Colin Chapman.

Alizaliwa tarehe 19 Mei, 1928, huko Richmond karibu na London, akakulia Hornsey, kaskazini mwa mji ule, ambako baba yake alikuwa mwenye hoteli. Alisoma uhandisi wa majengo katika University College London. Huko alijifunza jinsi uzito unavyopita katika nguzo na mihimili ya daraja, na jinsi ya kujua ni chuma gani kinachobeba mzigo na ni kipi kilichowekwa bure. Pia alijiunga na kikosi cha wanafunzi warukao kwa ndege, akajifunza urubani. Katika ndege hakuna nafasi ya kitu kisicho na kazi. Mafunzo hayo mawili, ya daraja na ya ndege, ndiyo yaliyomfanya awe vile alivyokuwa.

Alipokuwa mwanafunzi alifanya biashara ndogo ya kuuza motokaa kuukuu. Mwisho wa mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliwanyima watu mgawo wa kawaida wa petroli, na bei za magari zikaanguka. Chapman akauza yote kwa hasara, akabaki na moja lisilopata mnunuzi, Austin Seven. Badala ya kulitupa alilivua bodi, akaliundia jingine la mbao nyembamba zilizobandikwa bati la alumini, katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Gari hilo la mwaka 1948 aliliita Lotus.

Yafaa tueleze kidogo Austin Seven ilikuwa gari la namna gani. Ilitengenezwa tangu mwaka 1922 hata mwaka 1939, kwa ajili ya watu wasio na fedha nyingi. Injini yake ya sentimita za ujazo 747 ilikuwa ndogo kuliko za baadhi ya pikipiki kubwa za leo. Mbele ilikuwa na ekseli moja nzima, iliyobebwa na springi moja ya vyuma bapa iliyolala kutoka upande hata upande. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama, maana yote mawili yamefungwa katika chuma kimoja. Fremu yenyewe ilikuwa nyembamba, ikipindapinda kila gari lilipopita shimoni. Hata hivyo gari lilikuwa jepesi na bei yake ndogo, na vijana wengi wa Uingereza walilitumia kwa mashindano. Chama chao, 750 Motor Club, kilichoanzishwa mwaka 1939, kiliweka kanuni za mashindano hayo ili mtu maskini naye apate kushindana.

Ndipo Chapman alipoonyesha akili yake. Wengine walipoona gari linayumba katika kona, walifunga springi ngumu zaidi. Gari liliacha kuyumba, lakini kila lilipokutana na kigongo liliruka kama mpira, na gurudumu lililo hewani halishiki kitu. Chapman aliona kwamba kosa la kwanza halikuwa katika springi, bali katika fremu. Fremu inayopinda ni springi nyingine iliyofichika, tena springi isiyo na shokomzoba. Huwezi kupima kazi ya springi za magurudumu ikiwa zimefungwa juu ya kitu kinachotikisika chenyewe. Kwa hiyo kanuni yake ilikuwa hivi: kwanza uifanye fremu iwe ngumu na nyepesi, kisha uweke springi laini ili gurudumu lipate kufuata ardhi, na mwisho uweke shokomzoba zenye nguvu ya kutosha ili springi ikishasukumwa isiendelee kuchezacheza.

Mwaka 1951 gari lake la tatu, Mark III, liliwashinda wenzake wengi katika mashindano ya chama kile. Watu wakaanza kumwomba awatengenezee kama hilo. Tarehe 1 Januari, 1952, alianzisha kampuni yake katika banda kuukuu la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Mtaji wa kuanzia ulikuwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye walioana mwaka 1954. Mchana aliajiriwa katika kampuni ya alumini, na usiku ndio aliojenga magari.

Gari la Mark VI, lililotoka mwaka 1952, lilikuwa na fremu ya mabomba membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu nyingi. Mwanafunzi yeyote wa jiometri anajua kwamba mraba wa vijiti vinne husukumika ukalala, lakini pembetatu haibadiliki umbo mpaka kijiti kivunjike. Hiyo ndiyo elimu ya madaraja iliyoingia katika motokaa. Mbele, Chapman alichukua ekseli ya Ford, akaikata katikati na kufunga bawaba, ili kila gurudumu lipande na kushuka peke yake. Njia hii haikuwa uvumbuzi wake, maana fundi Leslie Ballamy alikuwa ameifanya kabla yake, lakini Chapman aliitumia vizuri kuliko wengi. Ubaya wake ni kwamba gurudumu likipanda huinama sana, kama mlango ulioshikwa na bawaba.

Ubaya huo aliuondoa katika gari lililojulikana kuliko yote aliyoyaunda kwa watu wa kawaida, nalo ni Lotus Seven la mwaka 1957. Uzito wake haukufika nusu tani. Wanunuzi wengi waliuziwa vipande, wakaviunganisha nyumbani wenyewe ili wasilipe kodi ya gari lililokamilika. Mbele, kila gurudumu lilishikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu mfupi na wa chini mrefu. Gari linapolala katika kona, mkono ule mfupi huvuta kichwa cha gurudumu kuelekea ndani, na tairi hubaki karibu na wima juu ya barabara. Pia aliweka ile fimbo ya chuma inayozuia gari lisilale, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, fimbo hiyo haina kazi. Moja likipanda na la pili likishuka, hujisokota na kulipinga gari lisilale. Chapman hakuridhika na kazi moja. Ncha za fimbo ile alizifanya ziwe pia nusu ya mkono wa juu, hivi kwamba chuma kimoja kilifanya kazi ya viwili. Katika gari la Elite, lililoonyeshwa mwaka ule ule, alifanya vivyo hivyo nyuma: fimbo inayopeleka nguvu za injini kwenye gurudumu ndiyo iliyolishika gurudumu lisiende upande.

Magari ya Seven ya zamani yangali yanashindanishwa hata leo, na kampuni ya Caterham ilipewa haki ya kuendelea kuyaunda mwaka 1973. Mwenye gari kama hilo akitaka kulirekebisha kwa mashindano huufuata mpango ule ule wa Chapman. Kwanza hutazama kama fremu haina ufa na viungo havina mchezo. Kisha hupima alaimenti, upepo wa tairi, na uzito unaoangukia kila gurudumu. Halafu huchagua springi na shokomzoba. Mwisho hugusa stabilaiza. Ikiwa gari linakataa kukata kona, pua yake ikikimbilia nje, hulainisha upande wa mbele. Ikiwa mkia ndio unaotoroka, hulainisha upande wa nyuma. Tena hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, hulijaribu gari kwa saa mkononi, na kuandika matokeo katika daftari. Anayebadili mambo matatu kwa mara moja hajui lipi lililomsaidia na lipi lililomdhuru.

Chapman hakukaa katika mashindano madogo. Mwaka 1956 aliitwa kusaidia kuunda upya fremu na springi za gari la Vanwall, na mwaka 1958 Vanwall ikawa ya kwanza kupata ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Mwaka ule ule Lotus nayo iliingia katika mashindano makuu. Mwaka 1962 alitoa Lotus 25, ambalo mabomba ya fremu yaliondolewa, mahali pake pakawekwa sanduku la bati la alumini lililo jepesi na gumu zaidi. Kwa sababu ya ugumu huo aliweza kutumia springi laini, na dereva wake, Jim Clark wa Scotland, akawa bingwa wa dunia mwaka 1963 na tena mwaka 1965. Baadaye Graham Hill, Jochen Rindt, Emerson Fittipaldi na Mario Andretti nao walipata ubingwa katika magari ya Lotus. Kampuni iliyoanzia katika banda la farasi ilipata ubingwa wa watengenezaji mara saba Chapman alipokuwa hai.

Hata hivyo, haifai kuandika maisha ya mtu kwa sifa tupu. Wepesi ulikuwa na bei yake. Mwaka 1960, katika uwanja wa Spa huko Ubelgiji, gurudumu la Lotus la Stirling Moss lilichomoka, naye akavunjika miguu. Siku hiyo hiyo fimbo ya usukani ya Lotus nyingine ilikatika, na dereva wake, Mike Taylor, hakurudi tena katika mashindano makuu. Mwaka 1970, huko Monza nchini Italia, ekseli ya breki ya mbele ya gari la Rindt ilikatika, gari likagonga ukingo, akafa. Alikuwa ameshapata pointi nyingi, na katika mashindano yaliyobaki hakuna aliyempita, akawa bingwa akiwa kaburini. Watu wengi walimlaumu Chapman kwamba alipunguza chuma mahali pasipofaa kupunguzwa. Sifa ile ile iliyompa ushindi, ya kutafuta chuma cha kuondoa, ndiyo iliyomletea lawama hiyo.

Chapman alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba, 1982, akiwa na umri wa miaka 54. Wakati huo palikuwa na uchunguzi juu ya fedha za serikali ya Uingereza zilizopotea katika mpango wa gari la DeLorean, ambalo Lotus ililishughulikia. Mkuu wa fedha wa Lotus alifungwa kwa jambo hilo mwaka 1992. Chapman mwenyewe hakufika mbele ya hakimu.

Sisi wanafunzi tuna mengi ya kujifunza kwa mtu huyu. Hakuanza na mali, wala karakana kubwa. Alianza na gari lililokosa mnunuzi, na hesabu alizofundishwa darasani. Wenzake walipoongeza nguvu, yeye aliuliza kwanza kila kipande kinafanya kazi gani. Swali hilo lafaa katika daraja, katika baiskeli, hata katika insha. Lakini liko swali la pili ambalo halina budi kufuatana nalo: je, kipande hiki kikiondolewa, ni nani atakayeumia? Mhandisi anayeuliza la kwanza peke yake anaweza kushinda mashindano. Anayeuliza yote mawili humrudisha dereva wake nyumbani.