Corbitt hakukurupuka kuvuka marathoni

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hii hutajwa sana darasani, lakini ni nadra kusikika uwanjani, mahali ambapo aliyetangulia ndiye anayeshangiliwa. Hata hivyo, katika mbio ndefu kuliko zote methali hiyo ina ukweli wake, na leo ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi habari za mtu aliyeuishi ukweli huo kwa zaidi ya nusu karne. Jina lake ni Ted Corbitt, Mmarekani mweusi aliyefariki mwezi wa Desemba 2007 akiwa na umri wa miaka 88.

Linalonifanya nimkumbuke ni swali ambalo humjia karibu kila mkimbiaji aliyekwisha kuizoea marathoni. Kilomita 42 na mita 195 si haba. Lakini mtu akishazikimbia mara tano au kumi, huanza kujiuliza kama huo ndio mwisho wa uwezo wake, au kama avuke mpaka na kuingia katika mbio za kilomita 50, 80, 100, au hata zile za kukimbia kutwa kucha. Wapo wanaovuka kwa sababu kasi imewapungukia. Wapo wanaovuka kwa kutafuta sifa. Wapo pia wanaovuka kwa kuwa tu rafiki amevuka. Corbitt alivuka kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, katika familia ya wakulima. Alikuwa mjukuu wa watumwa. Baadaye familia yake ilihamia mji wa Cincinnati, jimboni Ohio, na huko ndiko alikosoma hadi chuo kikuu. Akiwa chuoni alikuwa mkimbiaji hodari, lakini zilikuwa siku za ubaguzi wa rangi usioona haya. Yalikuwapo mashindano ambayo hakuruhusiwa kushiriki, kwa sababu tu wazungu walikataa kushindana na mtu mweusi. Kijana mwingine angaliweza kukata tamaa na kuviweka viatu darini. Corbitt hakufanya hivyo, wala hakuacha masomo. Alihitimu, akalitumikia jeshi la nchi yake wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akarejea darasani na kupata shahada ya uzamili ya tiba ya viungo katika Chuo Kikuu cha New York.

Kazi hiyo ya kuwanyoosha viungo wagonjwa na walemavu ndiyo iliyokuwa riziki yake kwa zaidi ya miaka 40. Nalitaja jambo hili mapema kwa makusudi, maana mtu hawezi kuuelewa uamuzi wa Corbitt kuhusu mbio bila ya kujua kwamba mkate wake haukutegemea mbio. Mchana alikuwa mtaalamu aliyevaa koti jeupe. Alfajiri na jioni alikuwa mkimbiaji. Mara nyingi alikwenda kazini kwa miguu yake mwenyewe, akiirefusha njia kwa makusudi mpaka ikafika kilomita 30 au zaidi. Katika miaka hiyo mtu mweusi akionekana anakimbia katika barabara za mji alidhaniwa anakimbia kitu, na polisi walimsimamisha mara nyingi kumhoji. Alijibu, kisha akaendelea na safari yake.

Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Boston mwaka 1951. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 32. Mwaka uliofuata, 1952, alichaguliwa kuiwakilisha Marekani katika Michezo ya Olimpiki mjini Helsinki, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kukimbia marathoni ya Olimpiki. Hakushinda. Alimaliza katika nafasi ya 44. Siku hiyo sifa zote zilikwenda kwa Emil Zatopek wa Chekoslovakia, aliyekwisha kunyakua dhahabu za mita 5,000 na mita 10,000, kisha akaamua kuijaribu marathoni kwa mara ya kwanza maishani mwake na kuishinda. Ni kweli basi kwamba wapo waja waliojaliwa kuruka kutoka masafa hata masafa bila ya kujikwaa. Lakini Zatopek ni mmoja katika karne nzima. Anayetaka mfano wa kuufuata na amwangalie yule aliyekuwa nyuma, katika nafasi ya 44.

Mtu huyo hakurudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Mwaka 1954 alikuwa bingwa wa marathoni wa taifa lake. Mwaka 1958, akikaribia miaka 40, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 26 na sekunde 44, muda ambao ndio uliokuwa bora kuliko wote aliowahi kuupata. Ni muhimu msomaji auzingatie mwaka huo. Corbitt alianza kuzielekea mbio zilizopita marathoni wakati nyota yake ya marathoni ilikuwa bado inang'aa. Hakuyakimbilia masafa marefu ili kujificha kutokana na vijana wenye kasi.

Kilichompeleka huko, kwa jinsi ninavyoyasoma maisha yake, ni udadisi wa mtu wa elimu. Mtaalamu wa viungo aliuona mwili wake mwenyewe kuwa maabara. Alitaka kujua misuli hufanyaje saa ya sita, tumbo hupokea nini, na akili hukaa vipi wakati miguu imekwisha kukataa. Lakini udadisi haukumfanya akurupuke. Alipanda ngazi kidato kwa kidato: maili 30, maili 40, maili 50. Alizoea kukizunguka kisiwa chote cha Manhattan, safari ya kilomita 50 hivi, na kuna siku alipokizunguka mara mbili. Kuna majuma alipokimbia kilomita 300 na zaidi. Mwaka 1962 alivuka bahari kwenda Uingereza kushiriki mbio za kutoka London hadi Brighton, umbali wa zaidi ya kilomita 80, akamaliza wa nne. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alirejea tena na tena, na kuna miaka alipomaliza wa pili.

Mwaka 1969, akiwa na miaka 50, alikimbia maili 100, yaani kilomita 161, kwa saa 13, dakika 33 na sekunde 6. Mwaka 1973, akiwa na miaka 54, alizunguka uwanja mmoja huko Uingereza kwa saa 24 na kutimiza maili 134, ambazo ni zaidi ya kilomita 215. Hakuna mamilioni aliyolipwa kwa kazi hiyo. Hakuna nishani ya Olimpiki iliyomngoja, kwa kuwa mbio hizo hazimo katika Olimpiki hata leo. Waliomshuhudia usiku ule hawakulijaza hata jukwaa moja.

Huenda mwanafunzi akauliza, basi mtu huyu alituachia nini sisi? Jibu liko chini ya miguu ya wakimbiaji wetu. Zamani barabara za mashindano zilipimwa kwa kipimo cha motokaa au kwa kukisia tu, na marathoni nyingi zilikuwa fupi au ndefu kuliko ilivyotakiwa. Corbitt, aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wakimbiaji wa barabarani cha New York kilipoanzishwa mwaka 1958, alijifunza kutoka kwa Waingereza namna ya kupima barabara kwa baiskeli. Kwanza umbali mfupi hupimwa kwa utepe wa chuma. Kisha baiskeli hupitishwa juu ya umbali huo ili kujua gurudumu huzunguka mara ngapi. Baada ya hapo mpimaji huipitia barabara yote kwa baiskeli hiyo hiyo, akiifuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kuipita. Mwaka 1964 Corbitt alichapisha taarifa iliyoyaeleza mambo haya kinaganaga, na upimaji wa barabara nchini Marekani ukajengwa juu yake.

Kwa hiyo Ibrahim Hussein aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1987, na Tegla Loroupe aliposhinda mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuinyakua, walikimbia katika mji ambao Corbitt aliufundisha kupima barabara zake. Vivyo hivyo, marehemu Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, ulimwengu uliukubali muda ule bila ya shaka kwa sababu barabara ilikuwa imepimwa kwa njia ile ile ya gurudumu la baiskeli. Mkenya anayejivunia rekodi ana deni kwa mzee huyo, ajue asijue.

Maisha yake hayakukosa machungu. Mwaka 1974 alipatwa na pumu, na mbio zake za ushindani zikakatika. Mtu aliyezunguka uwanja kutwa kucha alijikuta anahesabu pumzi zake. Hata hapo hakuzira. Alianza kutembea. Mwaka 2001, akiwa na miaka 82, aliingia katika mashindano ya siku sita na kutembea maili 303, karibu kilomita 488. Aliyekuwa amezoea kuwapita wengine alikubali kupitwa na kila mtu, na hakuona aibu.

Sasa turudi kwa swali letu. Mtu aliyezoea marathoni avuke au asivuke? Kwa maoni yangu, maisha ya Corbitt yanatupa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya jibu. La kwanza, je, riziki yako iko salama hata kama mbio hizo ndefu hazitakulipa kitu? Hapa Kenya marathoni ni karo, ni shamba, ni nyumba ya wazazi. Hatuwezi kumlaumu mkimbiaji anayekaa mahali penye zawadi, wala hatupaswi kumdanganya kwamba mbio zinazozidi marathoni zina mfuko mnono kama huo. La pili, je, umeujua mwili wako kwa miaka, au umeujua kwa majuma tu? Corbitt alikimbia marathoni kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kwenda Brighton. La tatu, je, unakwenda kutafuta nini? Anayekimbia kutoka kwa aibu ya kushindwa ataikuta aibu hiyo hiyo ikimngoja kwenye kilomita ya 70, na huko hakuna pa kujificha.

Sisemi kila mtu aige kilomita 300 kwa juma. Corbitt alikuwa mtaalamu wa viungo, na hata yeye alifika huko baada ya miaka mingi. Anayeanza na namba hizo atapata jeraha kabla ya kupata ustahimilivu. Linalofaa kuigwa ni utaratibu, si wingi.

Kwa walimu nina neno moja zaidi. Shuleni huwa wapo vijana wenye miguu myepesi, na pupa ya kuwapeleka barabarani ni kubwa. Wengine huacha shule kabla ya mtihani kwa kuahidiwa ughaibuni. Ikumbukwe kwamba marathoni nyingi kubwa za dunia hazimpokei aliye chini ya miaka 18, na zile mbio maarufu za Comrades za Afrika Kusini, za kilomita 90 hivi, hazimpokei aliye chini ya miaka 20. Sheria hizo hazikuwekwa kwa chuki. Mifupa ya kijana bado inakua, na vivyo hivyo akili yake. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi amalize kidato cha nne kwanza hamnyimi dhahabu. Anamwekea akiba, maana barabara haitahama, na Corbitt alikuwa na shahada mbili kabla ya kuikanyaga marathoni ya kwanza.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwenye kutaka kwenda mbali ni sharti ajenge uwanja mpana wa kukimbilia, nao hujengwa kwa elimu, kazi, subira na kuijua nafsi. Akishaujenga, na avuke marathoni akipenda. Asipopenda kuvuka hatakuwa amepungukiwa na kitu.