Mfalme George wa Sita na Kigugumizi Chake



Katika toleo hili napenda tuangalie maisha ya mtu aliyefariki zamani, lakini jina la binti yake liko karibu nasi. Anayetoka Mbarara kwenda Kasese kwa njia ya Bushenyi hupita katika mbuga ya wanyama iitwayo Queen Elizabeth. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1952, na mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotembelea Uganda ikapewa jina lake. Baba yake alikuwa Mfalme George wa Sita. Alitawala mamilioni ya watu, Uganda ikiwamo, naye alikuwa na kigugumizi tangu utotoni mpaka kufa kwake. Hatumtaji ili kuusifu ukoloni, maana babu zetu hawakuulizwa kama wanautaka. Tunamtaja kwa sababu ya ulimi wake.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895, akaitwa Albert. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo hakuna aliyetazamia kwamba atakuwa mfalme. Alipofika kama miaka minane, maneno yakaanza kumkwama. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, wakamlazimisha kuandika kwa wa kulia. Magoti yake yalielekea ndani, wakamfunga vyuma miguuni. Baba yake alikuwa mkali, na mtoto alipokwama alimhimiza alitoe neno upesi. Lakini mwenye kigugumizi akiharakishwa ndipo hukwama zaidi. Darasani alinyamaza hata pale alipojua jibu, na wengine wakadhani hana akili. Katika mtihani wa chuo cha wanamaji alikuwa wa mwisho.

Hata hivyo hakuwa mwoga. Tarehe 31 Mei 1916 alikuwa ndani ya manowari katika vita vikubwa vya bahari vya Jutland. Mwaka 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon. Mwishoni mwa 1924 wote wawili walikuja Kenya, na mwanzoni mwa 1925 wakapita Uganda wakielekea Sudan.

Mwaka huohuo, tarehe 31 Oktoba 1925, alitakiwa kuhutubia umati mkubwa huko Wembley, London. Maneno yakamkwama mbele ya watu wote. Ilikuwa aibu kwake na kwa waliomsikiliza. Alikuwa amekwisha kwenda kwa wataalamu kadhaa bila kupata nafuu, na sasa alikaribia kukata tamaa. Mkewe ndiye aliyemtia moyo ajaribu mara moja tena.

Mwezi Oktoba 1926 alikwenda kwa Lionel Logue, mtu wa Australia. Logue hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa usemaji, na ujuzi wake ulikua alipowasaidia askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa na shida ya kusema. Alitaka mwana wa mfalme aje kwake kama wagonjwa wengine, waketi na kuzungumza kama watu wawili. Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Kwa mwaka mmoja na miezi michache alikwenda zaidi ya mara 80, na nyumbani alifanya mazoezi ya kupumua kila siku. Tarehe 9 Mei 1927 alifungua jengo la Bunge huko Canberra, Australia, akasema hotuba yake mpaka mwisho.

Mwezi Desemba 1936 kaka yake aliacha kiti cha ufalme ili amwoe mwanamke aliyempenda. Mzigo ukamwangukia yule ambaye hakuutaka. Sauti ya k ilimsumbua sana, na neno la Kiingereza la mfalme linaanza kwa k! Siku mbili tu baadaye, Askofu Mkuu wa Canterbury akautangazia umma kwa redio kwamba mfalme mpya hukwama kidogo anaposema. Huenda alikusudia mema, lakini Logue hakupendezwa, kwa sababu watu walianza kutega masikio wasikie atakwama wapi. Tujifunze hapa: habari ya kigugumizi ni ya mwenyewe kuisema, wala si ya jirani kumtangazia.

Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, mfalme alisema na watu wake kwa redio. Logue alikuwa chumbani pamoja naye. Karatasi ya hotuba ilikuwa na alama za mahali pa kupumzika. Alisema polepole, akanyamaza, akaendelea. Wasikilizaji walisikia jitihada yake, na wengi wakampenda kwa sababu hiyo. Katika miaka ya vita hiyo, vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika walipelekwa mpaka Burma katika jeshi la Keya lililobeba jina la mfalme.

Alifariki tarehe 6 Februari 1952, akiwa na miaka 56. Binti yake alikuwa Kenya, karibu na Nyeri, alipopata habari kwamba baba amefariki na yeye sasa ni malkia. Kigugumizi hakikumwacha mfalme kabisa. Alikubali kwamba yeye ni mtu wa kusema polepole, akasema hivyohivyo.

Wapendwa, siku hizi wataalamu wanatuambia kwamba kigugumizi kinatokana na jinsi ubongo unavyoongoza usemi, na mara nyingi kiko katika ukoo. Si laana, si uchawi, si upungufu wa akili, na fimbo haikiondoi. Hata Musa alimweleza Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, wala hakuachwa.

Nayasema haya kwa sababu sisi wakimbizi tunaulizwa maswali kila mara: jina, kijiji, tarehe ya kuvuka mpaka. Kwa wengi wenye kigugumizi, jina lao wenyewe ndilo gumu kuliko yote. Katika mahojiano, mtu akinyamaza kwenye jina lake anaweza kudhaniwa mwongo, na familia nzima ikaumia. Mwenye shida hii asiifiche. Aseme mwanzoni kabisa kwamba ana kigugumizi na anaomba muda, au aandike hivyo kwenye karatasi. Hiyo si aibu.

Nasi tunaomsikiliza, tusimmalizie neno wala tusicheke. Hapa Misiera wapo vijana wanaokataa kusoma Neno mbele ya kanisa kwa kuogopa macho yetu. Jumapili mmoja wao akisimama, tumngoje mpaka amalize.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu