Hans Berger na Umeme wa Ubongo

Sokoni Awasi, kwenye njia ya Kisumu kwenda Kericho, niliona watu wakimkimbia kijana aliyeanguka kifafa, wakiogopa povu lake. Kwetu pwani nako wapo wasemao ni jini. Hapo nikamkumbuka Hans Berger, tabibu wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1873.

Alipokuwa askari kijana, Berger alitupwa na farasi akanusurika kusagwa na gurudumu la mzinga. Siku ile ile dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu juu yake, na baba akapeleka simu ya maandishi kumjulia hali. Berger akaazimia kuitafuta nguvu iliyowaunganisha. Hiyo hakuipata. Lakini mwaka 1924, mjini Jena, alinasa umeme mdogo wa ubongo wa mwanadamu. Alipotangaza mwaka 1929, wengi hawakumsadiki mpaka Adrian wa Uingereza alipothibitisha mwaka 1934. Mwaka 1935 wataalamu wa Boston wakaona jinsi mawimbi hayo yanavyovurugika kifafa kimshikapo mtu. Berger alifariki mwaka 1941.

Basi kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na povu haliambukizi. Dua tumwombee mgonjwa, na hospitali tumpeleke. Siku ile Awasi hata mimi nilirudi nyuma, na jambo hilo lanisuta hadi leo.