Sultani Said na Hamamu ya Kidichi

Katika kisiwa cha Unguja, ukitoka pwani ya Bububu na kupanda kuelekea bara, utafika mahali paitwapo Kidichi. Hapo pana nyumba nyeupe ya mawe na chokaa, yenye paa za kuba. Si ngome wala si ghala, bali ni hamamu, yaani nyumba ya kuogea. Ilijengwa mwaka 1850 na mfalme aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika pwani ya mashariki, naye aliijenga ili ampendeze mke wake. Habari za mfalme huyo ni hizi.

Said bin Sultan alizaliwa Omani, katika nchi ya Waarabu, mwaka 1791. Baba yake, mtawala wa Maskati, aliuawa vitani mwaka 1804, wakati Said alipokuwa angali mtoto. Ndugu mmoja wa ukoo, jina lake Badr, akashika madaraka. Mwaka 1806 Said alimwua Badr, akatawala mwenyewe muda wa miaka 50. Kijana huyo alipigana vita vingi, na risasi moja ilibaki pajani mwake, ikamfanya achechemee kidogo hata uzeeni.

Mwaka 1828 alifika Unguja kwa mara ya kwanza. Akaipenda nchi ile yenye mvua na miti mingi, na baadaye akahamishia makao yake huko. Alijenga jumba kubwa Mtoni, kando ya bahari. Aliwaamuru wenye mashamba kwamba kila penye mnazi mmoja wapande mikarafuu mitatu. Akafanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Merikebu za mataifa zikajaa bandarini, na kisiwa kidogo kikawa soko kubwa.

Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika kitabu cha maisha yake, kikapigwa chapa Ujerumani mwaka 1886. Humo asimulia kwamba baba yake alikuwa mpole nyumbani. Mtumwa mwaminifu alipooa, mfalme mwenyewe alipanda farasi akaenda kuwatakia heri bwana na bibi arusi.

Katika wake za Said alikuwako Bibi Shahrzad, mjukuu wa mfalme wa Uajemi. Bibi huyo alikuwa hodari wa kupanda farasi na kuwinda, tena alipenda anasa za kwao. Said akataka asiione Unguja kuwa nchi ya ugeni. Basi akamjengea hamamu Kidichi kwa namna ya Kiajemi, apate kuoga na kupumzika baada ya kuwinda. Maji yalipashwa moto kwa tanuru. Kutani mafundi walichonga katika chokaa maua, mitende na ndege wa kupendeza.

Lakini ndoa ile haikudumu. Salme aeleza kwamba Bibi Shahrzad alitumia mali pasipo kiasi, wala hakukubali kutii, hata mfalme akaachana naye, naye akarudi kwao Uajemi. Mapenzi yakaisha, chokaa ikabaki.

Tena liko jambo kubwa zaidi la kufikiri. Fedha ya kujenga majumba ya Said ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Karafuu zenyewe zilichumwa na watumwa, watu waliokamatwa mbali na kwao na kuuzwa sokoni kama mbuzi. Kwa mapatano ya mwaka 1845 Said alikubali kukataza watumwa wasipelekwe Arabuni, lakini ndani ya nchi zake biashara hiyo iliendelea. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, katika siku za mwanawe Barghash.

Msomaji wa Isangi asidhani kuwa hayo ni mambo ya mbali. Njia za biashara zilizokuzwa katika siku za Said zilifika Tabora na Ujiji, na baada ya kufa kwake zilivuka ziwa Tanganyika zikafika Lualaba. Mwaka 1883 Stanley, akipanda mto kuelekea maporomoko, aliona vijiji vilivyochomwa moto, na wanawake na watoto waliofungwa minyororo. Hata Kiswahili kinachosomwa hapa kilifika Kisangani kwa njia hiyohiyo.

Said alifariki chomboni tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Omani. Maiti yake haikutupwa baharini, bali ililetwa Unguja ikazikwa huko. Ufalme wake uligawanyika: Thuwaini akashika Omani, Majid akashika Unguja.

Basi tujifunze nini? Si vibaya mume kumjengea mkewe nyumba nzuri. Ni wajibu wake na ni furaha yake. Said alimwonea huruma mke mmoja aliyekuwa mgeni katika nchi ya mbali, naye akafanya vema. Lakini wale wachumaji wa karafuu nao walikuwa wageni waliotengwa na kwao, na kila mmoja alikuwa na mama au mke aliyemlilia. Hao hawakujengewa kitu.

Kwa hiyo, mtu anayetaka kuonyesha upendo wake kwa kujenga, na aangalie kwanza mikono inayobeba miti na udongo. Je, wamelipwa? Je, wamekuja kwa hiari? Je, shamba lile ni lake, au ni la mjane asiye na mtu wa kumtetea? Akiisha kuyatengeneza hayo, na ajenge, hata kama ni kibanda cha majani. Mkewe atalala humo kwa amani, na jirani akipita mlangoni atabariki.