Habib Saleh: Mgeni Aliyewafungulia Wanyonge Mlango wa Furaha

Mfungo Sita wa mwaka jana ulinikuta mbali na kwetu pwani. Nilikuwa Fort Ternan, mji mdogo wa Kericho, ambako ukitazama juu waona vilima vya nchi ya chai, na ukiteremka na njia ya reli wafika kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu ambaye riziki yake imempeleka huko.

Waislamu wa mji ule si wengi, lakini hawakukubali mwezi upite hivi hivi. Usiku mmoja walisoma Maulidi uani mwa nyumba ya mwenyeji wao mmoja, chini ya turubali, maana mvua ya huko haina miadi. Alikuwako mwenye duka, dereva wa lori, wachuma chai wawili watatu, na vijana waliokuwa wakihangaika tangu adhuhuri: huyu achanja kuni, yule ateka maji, wengine wachagua mchele. Majirani wawili, akina mama wa Kikipsigis wasiokuwa Waislamu, walileta maziwa, kisha wakavuta vigoda wakaketi kumenya viazi hadi jua likatua. Hapana hata mmoja aliyelipwa senti.

Chakula kilipoiva nilingoja, mimi mgeni kutoka pwani, niandikiwe kwanza. Sikuandikiwa. Masinia ya mwanzo yalifunikwa kawa, yakabebwa na vijana gizani: moja kwa mjane aliyekuwa mgonjwa, jingine kwa mzee asiyeona, jingine kwa vibarua waliokuwa hawajapata mshahara wao. Vijana waliporudi, miguu imejaa matope, ndipo sisi tulipokula. Nakiri kwamba njaa ilikwisha kuninong'oneza maneno mabaya juu ya wenyeji wangu, na nilipojua sababu ya kukawia nilitahayari.

Baada ya kula, kijana mmoja aliniuliza desturi ile ya kumtanguliza mnyonge siku ya furaha ilianzia wapi. Nilimjibu kwamba asili yake ni kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Lakini nikamwambia pia kwamba katika nchi zetu hizi yuko mtu mmoja ambaye sinia la Maulidi likipita haifai jina lake lisahauliwe. Kisa nilichomsimulia usiku ule ndicho ninachokiandika leo.

Mtu huyo ni Habib Saleh bin Alawi Jamalilleil. Alizaliwa katikati ya karne ya kumi na tisa katika kisiwa cha Ngazija. Ukoo wake ni wa masharifu waliotoka Hadhramaut wakaingia Pate, na tawi lao moja likavuka bahari hadi Ngazija. Angali kijana alipanda chombo akaja Lamu, ambako alikuwa na jamaa zake. Hakuja na mali. Alikuja na nasaba yake na hamu ya kusoma.

Lamu ya siku zile ilikuwa mji wa elimu, lakini vilevile ilikuwa mji wa matabaka. Mkomani ndiko kwenye majumba ya mawe, na humo walikaa waungwana wenye mashamba na vyombo. Langoni ilikuwa upande wa nyumba za makuti, makao ya wageni, mabaharia, Wangazija, Wahadhrami maskini na watu wa kazi. Chini ya wote hao walikuwa watumwa, mjini na katika mashamba ya bara. Kila mtu alijua mahali pake pa kukaa barazani na safu yake msikitini. Watu wengine walijua pia kwamba hawana mahali.

Habib Saleh alisoma kwa masheikh wa mji, na miongoni mwao alikuwa Mwenye Mansab, yule mwanachuoni na mshairi aliyeitia Maulidi ya Barzanji katika tenzi ya Kiswahili. Angeweza kufuata njia iliyo nyepesi. Sharifu mwenye elimu angekaa Mkomani, akapewa mke wa nyumba kubwa, akafundisha watoto wa wakubwa, na mikono yake ikabusiwa asubuhi na jioni. Hakuna ambaye angemlaumu.

Yeye alichagua Langoni. Alipanga maisha yake baina ya watu wa makuti, akaanza kuwafundisha wasiokuwa na mwalimu. Yasimuliwa kwamba alikwenda mpaka kwa watumwa na kwa wagema, akaketi nao, akala nao, akawasomesha Kurani na habari za dini yao. Alikuwa na ujuzi wa dawa pia, na mgonjwa asiyekuwa na kitu alitibiwa kwake sawasawa na mwenye nacho.

Sisi tunaosikia habari hizi leo twaweza kudhani kuwa ni jambo dogo. Msomaji, halikuwa dogo. Katika Lamu ya wakati ule, elimu ilikuwa ndiyo ngazi ya heshima, na waliokuwa juu ya ngazi hawakupenda iteremshwe. Kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa sawa na kumwambia kwamba naye ni mtu mbele ya Mungu kama bwana wake. Baadhi ya wakubwa walikasirika. Wako waliomnunia, wako waliomteta, na wako walioona kwamba huyu mgeni kutoka Ngazija ameivunjia mji adabu yake. Naye hakugombana na mtu. Aliendelea kufundisha.

Mwenye Mansab, mwalimu wake, ndiye aliyekiweka wakfu kiwanja cha kujenga. Palikuwa mahali pa mchanga upande wa kusini wa mji, mbali na majumba makubwa. Hapo kwanza pakasimama kibanda, na karne ya ishirini ilipoingia pakasimama msikiti. Msikiti huo ndio Riyadha. Jina lake lafuata lile la msikiti wa Seiyun, Hadhramaut, uliokuwa wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, sharifu aliyekuwa na mapenzi makubwa na Mtume na aliyefariki mwaka 1915.

Napenda msomaji auangalie wakati huo. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilipita Fort Ternan ikafika Ziwa Victoria. Kwa njia hiyo, na kwa njia za misafara iliyoitangulia, Waswahili, Wanubi na Wahindi waliipeleka dini bara, kituo kwa kituo, wakiwa wapagazi, askari, wapishi na wenye maduka. Na katika miaka iyo hiyo, Lamu, mtu mmoja alikuwa akijenga pahala pa kuwapokea watu kama hao hao, watu wa jasho wasiokuwa na ukoo wa kujisifia. Mimi sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka nilipokaa chini ya turubali lile.

Kutoka kwa Habib Ali al-Habshi ndiko ilikotoka Maulidi ambayo Habib Saleh aliieneza Lamu. Kabla yake, Maulidi yaliyozoeleka katika nyumba kubwa yalikuwa ni kisomo cha utulivu, na wasomaji walikuwa ni wanavyuoni. Wengine walisikiliza. Maulidi ya Habshi ilikuja na kaswida za kuitikiwa na watu wote, na kwa matari, mpaka ndani ya msikiti. Mtu ambaye hakujua Kiarabu aliweza kuitikia. Mpagazi aliyeshinda kutwa na gunia mgongoni aliweza kushika tari. Aliyekuwa mtumwa jana aliweza kusimama safu moja na sharifu, bega kwa bega, wakiyumba pamoja kwa furaha ya kuzaliwa Mtume.

Hapo tena pakatokea maneno. Wanavyuoni waliokataa matari msikitini hawakuwa wachache, na mjadala huo wajulikana pwani nzima mpaka hivi leo. Mimi si kadhi, na ukurasa huu si mahali pa kuutolea fatwa. Kila mmoja na ayashike yale aliyofundishwa na masheikh zake. Ninalotaka kulionyesha ni jingine. Habib Saleh aliona kwamba siku kuu ya Mtume ilikuwa ina wenyewe, na wengi wa umma wake walikuwa wakiisikiliza kwa nje ya dirisha. Akaufungua mlango. Waliokuwa nje wakaingia, na walipoingia hawakukaa kama waalikwa, bali kama watu wa nyumbani.

Na mtu wa nyumbani hufanya kazi. Hili ndilo lililoifanya Maulidi ya Lamu isimame mpaka leo. Mwezi wa Mfungo Sita, siku za mwisho wake, watu humiminika Lamu kutoka Mombasa na Malindi, Unguja na Tanga, Uganda na Ngazija. Wote hao hulala, hula na hunywa. Nyumba hufunguliwa, mikeka hutandikwa mpaka darini, na wanawake wa mji hushinda jikoni na usiku. Huyu hutoa mbuzi, yule hutoa gunia la mchele, na asiyekuwa na mbuzi wala mchele hutoa mikono yake. Vijana hubeba maji, huosha masufuria makubwa, huwaongoza wageni vichochoroni. Kazi hiyo haiandikwi popote, wala majina yao hayasomwi katika kipaza sauti. Lakini wakikosa hao, hapana Maulidi.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa rasmi katika ukanda wetu wa pwani. Sheria ilimtoa mtu katika mikono ya bwana wake, lakini haikumpa jirani, wala haikumpa mahali pa kukaa siku ya furaha. Wengi waliachwa huru na wakaachwa peke yao. Kwa watu wa namna hiyo Riyadha ilikuwa ni nyumba. Walipata chuo cha watoto wao, wakapata wa kuwatibu, wakapata wa kuwazika, na mara moja kila mwaka walipata siku ambayo mji mzima ulikuja upande wao.

Habib Saleh aliishi hata akayaona matunda ya kazi yake. Watoto wa wale waliomnunia walikuja kusoma kwake, na waungwana wa Mkomani walishuka Langoni kuitikia Maulidi. Alifariki katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee, na akazikwa Lamu. Ziyara ya kaburi lake imekuwa sehemu ya Maulidi, nayo hutoka Riyadha kwa kaswida na matari, umati nyuma ya umati. Wanawe na wajukuu wake waliendelea kufundisha, na wanafunzi wa Riyadha walitawanyika katika miji ya Afrika Mashariki wakafungua vyuo. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Mawe ya Mkomani yana haki yake katika sifa hiyo. Lakini aliyeupa mji ule wageni wake wa kila mwaka alianza katika kibanda cha upande wa makuti.

Sasa nirudi kwetu sisi tulio hai. Siku kuu zetu zimekuwa na mapambo mengi. Idi ikifika twashindana kwa nguo na vyakula, na Maulidi ikifika twashindana kwa mahema na vipaza sauti. Si vibaya kufurahi. Furaha ya halali ni neema. Lakini nimehudhuria karamu pwani, katika miji ninayoipenda, ambako kiti cha mbele kilimngoja mwenye gari, na mama aliyepika tangu alfajiri akala ukoko uliobaki chunguni. Nimemwona maskini akipewa chakula mlangoni, katika mfuko, akiambiwa apishe njia. Tumempa chakula, naam, lakini tumemnyima siku kuu. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele, nikala, nikanyamaza.

Mafunzo ya Habib Saleh hayakuwa kutoa tu. Matajiri wa Lamu nao walitoa. Yeye aliketi pamoja na anayepewa, akamjua kwa jina, akamfundisha mwanawe, akamtia katika safu. Sadaka ya chakula huisha tumboni kabla ya asubuhi. Kumkalisha mtu karibu nawe hakusahauliwi, na watoto wake huja kukusimulia.

Kwa hiyo leo nawasifu wale ambao hakuna anayewasifu. Nawasifu akina mama wa jikoni za Maulidi, kutoka Lamu hadi Mambrui, hadi Mombasa. Nawasifu vijana wanaokusanya mchele wa fitri katika mitaa yetu na kuupeleka usiku, ili mpokeaji asionekane. Nawasifu na wale wa Fort Ternan, walio wachache na mbali na misikiti mikubwa, ambao pengine hata jina la Habib Saleh wengi wao hawakulijua, na kumbe mwendo wao ni mwendo wake. Nawasifu majirani zao wawili waliomenya viazi kwa ajili ya siku kuu isiyokuwa yao, kwa ujirani tu.

Yule kijana aliyeniuliza alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akachukua taa yake, akaniomba radhi kwamba hawezi kukaa zaidi, kwa sababu yule mzee asiyeona alikuwa bado hajarudishiwa kawa lake na sinia lingehitajika asubuhi. Nikamtazama akiteremka na njia ya matope mpaka mwanga ukapotea nyuma ya nyumba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh bin Alawi, ailaze roho yake pema, na atujaalie siku kuu zetu ziwe na nafasi ya kila mmoja wetu. Amin.