Dokta Nico, aliyefanya gitaa la umeme liimbe

Kuanzia Kinshasa hadi Ngungu, katika teritware ya Masisi, tarehe 30 Juni inapokaribia redio hupiga tena Indépendance Cha Cha. Wengi humkumbuka mwimbaji Joseph Kabasele. Aliyeshika gitaa la solo ni Nicolas Kasanda, aliyeitwa Dokta Nico.

Nico alizaliwa mwaka wa 1939 huko Mikalayi, Kasai. Akiwa bado kijana mdogo aliingia African Jazz ya Kabasele, ambamo mkubwa wake, Déchaud, alipiga gitaa la kusindikiza. Mwaka wa 1957 alipata diploma ya mwalimu wa ufundi, lakini alichagua muziki.

Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitetemeka, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kufuata mtetemo huo. Uzi wa tano hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Wakati uleule, hutetemeka pia mara 220, 330, 440 na kuendelea. Mitetemo hiyo ya juu huitwa harmoniki. Ndiyo inafanya noti moja isikike tofauti kwenye gitaa na kwenye filimbi.

Mkono wa mpigaji ndio unaipima. Akipiga uzi karibu na mwisho wake, harmoniki za juu hupata nguvu na sauti inakuwa kali. Akisogea katikati, inakuwa laini. Kikuza sauti kikilemewa, hukata vilele vya mawimbi, harmoniki mpya huongezeka na sauti hukwaruza. Nico alipendwa kwa kinyume cha hapo: noti safi, moja baada ya nyingine. Alipiga pia gitaa la Hawaii, noti zikiteleza kama mtu anayeimba.

Mwaka wa 1960 alikuwa Brussels na African Jazz wakati wa Meza ya Duara iliyopanga uhuru. Mwaka wa 1963 yeye na Tabu Ley Rochereau waliunda African Fiesta. Walipotengana, Nico akaongoza African Fiesta Sukisa.

Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Ubelgiji iliyotoa sahani zake ilianguka. Nico alijiondoa, na kwa miaka mingi gitaa lake halikusikika sana. Alirekodi tena nchini Togo, muda mfupi kabla ya kufariki hospitalini Brussels, Septemba 1985. Alikuwa na miaka 46.