Sayyid Darwish: Mwashi Aliyeipa Misri Sauti

Wapenzi wa tarabu wa mwambao huu huwataja Umm Kulthum na Muhammad Abdul Wahab kama wanaotaja jamaa zao. Lakini kabla ya hao kushika enzi, alikuwako kijana mmoja wa Aleksandria aliyeishi miaka 31 tu, akauelekeza muziki wa Misri katika njia ambayo haujaiacha mpaka leo. Huyo ni Sheikh Sayyid Darwish. Nyimbo zake zingali zaimbwa, ila wachache wanajua kila mmoja ulizaliwa kwa sababu gani, na asiyejua hilo hupitwa na nusu ya utamu wake.

Alizaliwa tarehe 17 Machi, 1892, katika mtaa wa Kom el-Dikka, mjini Aleksandria. Babake alikuwa seremala, naye alifariki mtoto akingali mdogo. Kama ilivyo desturi ya watoto wa Kiislamu, alitiwa chuoni akasoma Kurani na tajwidi, na huku sikio lake likinasa kila mahadhi ya kasida na maulidi yaliyopita mtaani. Baadaye aliingia katika taasisi ya dini mjini humo, akavaa kilemba na kuitwa sheikh. Lakini nyimbo hazikumwacha, na masomo yale yakakatika.

Alioa akiwa na umri wa miaka 16, na nyumba ikataka riziki. Akafanya kazi ya uashi. Husimuliwa kwamba alipokuwa akiimba juu ya jukwaa la ujenzi, wenziwe walifanya kazi kwa bidii zaidi, hata msimamizi akaona heri amwache aimbe tu. Wakati huo walitokea ndugu wawili wa Kishami waliokuwa na kundi la michezo ya kuigiza, Amin na Salim Atallah. Walipoisikia sauti yake wakamchukua kwenda naye Sham mwaka 1909. Alirejea mikono mitupu. Mwaka 1912 akaenda tena, na mara hii alirudi na hazina: alikuwa amejifunza muwashaha, yaani nyimbo za kale zenye asili ya Andalusia, pamoja na ilimu ya makamu za Kiarabu. Miongoni mwa waliomfundisha hutajwa Sheikh Uthman al-Mawsili wa Iraki, bingwa wa kusoma Kurani aliyekuwa kipofu.

Yafaa kukumbuka muziki wa Misri ulikuwaje siku hizo. Waimbaji wakubwa wa karne iliyotangulia, kama Abduh al-Hamuli, walikuwa watu wa baraza za wakuu na majumba ya kifalme. Nyimbo zao zilikuwa za mahaba na majonzi, na mwimbaji aliweza kulirudia neno moja kwa muda mrefu akilipamba kwa sauti. Sayyid Darwish aliijua kazi hiyo barabara. Alitunga dauri 10, na mafundi wa muziki wa Kiarabu huzihesabu mpaka leo kuwa ni miongoni mwa dauri bora zilizopata kutungwa. Lau angalitaka, angaliishi kwa fani hiyo peke yake.

Lakini alihamia Kairo mwaka 1917, na huko aliingia katika michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Alitunga mahadhi kwa makundi mbalimbali, khasa lile la Naguib el-Rihani, na mashairi mengi yakiandikwa na Badie Khairy. Hapo ndipo alipowaingiza jukwaani watu ambao muziki wa barazani haukuwahi kuwajali: mahamali, mabaharia wa mto Nili, waendesha magari ya farasi na wachuuzi. Kila kundi alilipa mahadhi yaliyofanana na mwendo wa kazi yake na namna ya usemi wake.

Mfano mzuri ni wimbo wake wa wachukuzi wa maji. Kazi yao ilikuwa kuchukua maji katika viriba na kuyauza nyumba kwa nyumba, hata ilipokuja kampuni ya maji ya mifereji ikawakatia riziki. Wimbo ule ni malalamiko yao. Msikilizaji aliyepata kuwaona wachuuzi wa maji wa miji yetu hahitaji mkalimani ili aelewe uchungu wake.

Wimbo mwingine, Salma ya Salama, watu huucheza harusini wakidhani ni wa furaha tupu. Asili yake ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza, iliyoikalia Misri tangu 1882, iliitangaza kuwa himaya yake mwaka 1914, kisha ikachukua wakulima laki kadhaa, wengi wao kwa nguvu, kuwa vibarua wa jeshi lake katika Palestina, Ufaransa na kwingineko. Wengi hawakurudi. Basi salama itajwayo katika wimbo ule ni ya mtu aliyefika kwao akiwa hai.

Machi 1919 Waingereza walimkamata kiongozi wa Wamisri, Saad Zaghlul, wakampeleka Malta, na nchi nzima ikaripuka. Mwisho wa 1921 walimkamata tena, wakampitisha Aden na kumfikisha Shelisheli, katika bahari yetu hii hii. Husimuliwa kwamba hata kulitaja jina lake hadharani kulikatazwa. Basi Badie Khairy na Sayyid Darwish wakatoa wimbo wa kusifu tende. Katika Misri iko tende iitwayo zaghlul, nyekundu na tamu, na bibi Naima al-Masriyya akaimba kuisifu tende hiyo. Askari gani atamfunga mtu kwa kusifu tende? Watu wa Mombasa, mji wa Muyaka, hawahitaji kuelezwa nguvu ya fumbo.

Sayyid Darwish hakuwa malaika. Maisha ya usiku yalimwelemea, fedha hazikukaa mkononi mwake, na kundi la michezo aliloanzisha mwenyewe halikudumu. Septemba 1923 alifariki ghafula mjini Aleksandria, siku chache tu kabla ya Zaghlul kurejea kutoka uhamishoni. Mji uliokuwa ukijipamba kwa mapokezi haukupata nafasi ya kumlilia mwanawe.

Hata hivyo kazi yake haikuzikwa naye. Wimbo wake Biladi, ambao maneno yake yaliandikwa na Muhammad Yunus al-Qadi kwa kufuata hotuba ya mpigania uhuru Mustafa Kamil, ulifanywa wimbo wa taifa la Misri mwaka 1979, na ndio uimbwao hadi leo. Fairuz wa Lebanon ameziimba nyimbo zake kadhaa. Nasi wa mwambao tumekula matunda ya mti huo, kwani nyimbo za Misri ndizo zilizokuwa darasa la vikundi vyetu vya kwanza vya tarabu, kama Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1905.

Aliyekataza jina la Zaghlul lisitajwe hakumbukwi tena, na wimbo wa tende ungaliko. Mwenyezi Mungu amrehemu aliyeutungia mahadhi yake.